Mkono Chini ya Klia

Sura ya Tisa

Kufikia gereji ya nne asubuhi ile, harufu ya thina ya kuchanganyia rangi ilikuwa imemkaa Sajini Karwirwa kooni kama uji uliochacha, na bado hakuwa na la kumpelekea mkuu wa kituo, OCS. Saa nane mchana Riungu angepakiwa kwenye gari la polisi apelekwe mahakamani Embu, akasomewe shtaka la kumgonga mtoto wa darasa la pili hadi kufa. Zilikuwa zimebaki saa nne na nusu.

Kisa chenyewe mji mzima wa Runyenjes ulikuwa unakijua, au ulidhani unakijua. Jumanne ya wiki iliyopita, saa tisa na nusu hivi, Muthoni wa Mama Wamuyu alikuwa anatoka shule kwa miguu huko juu Kibugu, barabara ya katikati ya majani chai, ukungu umeshuka mpaka magotini. Riungu, mwendesha bodaboda, alimkuta mtaroni. Alimfunga mgongoni kwa koti lake mwenyewe, kama mama anavyobeba mtoto, akateremka naye mpaka hospitali bila kusimama. Muthoni hakufungua macho tena. Jumatatu alipokata roho, watu walitafuta wa kumlaumu, wakamshika aliyekuwa karibu: yule aliyemleta. Pikipiki yake ilichomwa sokoni mchana peupe huku wengine wakipiga picha kwa simu, na polisi walipomwokoa Riungu, walimwokoa moja kwa moja mpaka selo.

Kwa OCS kesi ilikuwa imeisha. Lakini Karwirwa alikuwa ameenda hospitali akaomba nguo za mtoto, na kwenye sweta ya kijani ya shule, ndani ya nyuzi za bega, alikuta kigamba cha rangi kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Rangi ya damu ya mzee.

"Pikipiki ilikuwa nyekundu," OCS alimwambia.

"Hii si nyekundu, afande."

"Na imeungua, utalinganisha na nini? Nyekundu ni nyekundu, Sajini."

Basi alikitia kigamba kwenye bahasha akaanza kuzunguka gereji, akiuliza swali moja tu: nani ameleta gari la damu ya mzee kupakwa rangi siku hizi. Ya kwanza walimwonyesha lori la ndizi, ambalo lilikuwa la kahawia. Ya pili kulikuwa na pikapu ya mwalimu mmoja, rangi ndiyo yenyewe kabisa, moyo ukamruka. Kumbe ilikuwa juu ya mawe tangu Krismasi, haina injini, na kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha dereva. Ya tatu walidhani amekuja kutafuta chai, wakaanza kupapasa mifuko kabla hajasema kitu.

Ya nne ilikuwa ya Mbaka, nyuma ya soko, kibanda cha mabati matatu na turubai. Mbaka mwenyewe alikuwa amechuchumaa mbele ya gari la abiria la damu ya mzee, shavu moja limevimba kwa majani ya muguka aliyokuwa akitafuna, ndoo ya maji ya sabuni kando yake.

"Karibu afande," alisema bila kuinuka. "Kama umegongewa gari, pole. Kama umekuja kunishika mimi, keti hapo kwa taya nimalize kwanza huu upande."

"Umefanya nini cha kushikwa?"

"Mimi? Sijui. Nyinyi ndio mnajuanga."

Karwirwa hakucheka, lakini alikaa kwenye lile tairi kuukuu. Ubavuni mwa gari palikuwa na maandishi ya Akademi ya Njuki, na chini yake picha ya mtoto anayesoma kitabu.

"Hii ni ya kubeba watoto?"

"Ya Mzee Njuki wa Kibugu. Yule mzee wa kanisa, mwenye hiyo shule. Aliileta jana akilia machozi, na mimi nikiwa fundi nikaona haki yake kulia. Hebu njoo uone hii aibu."

Mbaka alimwaga maji, akayapangusa kwa kitambaa, akamwita asogee. Upande wa nyuma wa gari uling'aa vizuri. Uso wa gari na ubavu wa kushoto, hapana. Rangi ilikuwepo, lakini ilikuwa kama imelala. Kama kioo ambacho mtu amekihemea. Mahali pengine ilikuwa nyororo, mahali pengine imekunjamana kama ganda la chungwa, na chini karibu na tairi ilikuwa imechuruzika ikakauka kama makamasi.

"Rangi haina makosa," Mbaka alisema. "Makosa ni klia. Ile ya juu kabisa, haina rangi yoyote, kazi yake ni kung'arisha. Huyu mtu aliipiga kwa hali mbaya, sasa imekuwa maziwa."

"Hali mbaya ni gani?"

"Ukungu. Klia ikiwa mbichi haitaki unyevu hata kidogo. Unyevu ukiingia inafifia, inabaki hivyo. Hii haikupigwa hapa Runyenjes. Hii imepigwa huko juu karibu na msitu, nje, bila hata turubai, na mtu wa kupaka milango ya chuma. Mtu wa magari hawezi kufanya hivi hata akiwa mlevi."

"Na wewe unaitibu namna gani?"

Mbaka akamwonyesha, maana alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa. Kwanza msasa mwembamba wa maji, namba elfu moja mia tano, unasugua kwa kwenda na kurudi, usizunguke. Unamwaga maji kila mara uone. Halafu elfu mbili. Hapo gari linakuwa baya kuliko mwanzo, mwenyewe akikupata saa hiyo anaweza kukupiga. Halafu kompaundi, ile pasti nyeupe, kwa mashine na sponji, taratibu, usikae mahali pamoja ukachoma. Mwisho polishi.

"Lakini ukizidisha msasa unatoboa klia unafika kwa rangi, na hapo umekwisha. Inabidi ukwangue mpaka bati uanze upya."

Karwirwa alitoa bahasha. Mbaka alikausha mikono kwa suruali, akakibeba kigamba kwa ncha ya kisu, akakipeleka kwenye ukingo wa mlango, pale ambapo bunduki ya rangi haikufika. Alikiangalia, akaangalia mlango, akakigeuza.

"Hiki kina klia ya kiwanda. Ngumu, safi. Na hapa ukingoni ni hivyo hivyo. Ni damu moja." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ulikitoa wapi?"

"Kwa sweta."

Muguka ukaacha kutafunwa.

"Magari ya rangi hii ni mengi," Karwirwa alisema polepole, kama anayejisemea. "Kigamba peke yake hakitoshi. Mzee wa kanisa atasema alikwaruza geti, na hakimu atamwamini." Alikuwa ameinama mbele ya uso wa gari, juu ya taa ya kushoto, kiasi cha kimo cha kifua chake. "Na hivi vitobo ni vya nini?"

Palikuwa na vidoti vingi, vidogo kama vya sindano ya kushonea magunia, vimejikusanya mahali pamoja.

"Hayo tunaita macho ya samaki. Rangi haipendi mafuta. Ikikuta tone la mafuta chini inakimbia, inaacha kitobo, na klia ukiipiga juu inakimbia vile vile. Ndiyo maana fundi lazima apanguse bodi yote kwa thina kabla hajaanza. Hii kitu hata mtoto wa kuosha magari anajua."

"Mafuta ya injini?"

"Yafike hapo yakiruka? Hapana. Hayo ni ya kupikia, ama ya kujipaka. Na hayatoki kwa polishi, afande. Hapo ni mpaka bati. Mzee anakuja saa tano nimwambie, akikubali nakwangua leo leo. Ana haraka sana. Gari linatakiwa Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Mazishi. Amejitolea kubeba jeneza la yule mtoto wa Kibugu." Mbaka alisema hivyo, kisha akasikia alichokisema. Akatema muguka wote chini.

Karwirwa alielekeza kidole juu ya taa ya kushoto. "Paka hiyo pasti yako hapa," alisema.

"Haitasaidia."

"Paka tu."

Mbaka alichota kompaundi kwa vidole, akaisugua juu ya taa, akaipangusa kwa kitambaa kikavu. Juu ya rangi haikubaki kitu. Lakini ndani ya vile vitobo pasti nyeupe ilikwama, kila kitobo kikajaa, na pale juu ya damu ya mzee ukatokea mkono. Kiganja kimoja na vidole vitano vilivyotanuliwa. Ulikuwa mkono mdogo. Mbaka aliweka wake mkubwa kando yake bila kuugusa, na ule mdogo haukufika hata nusu.

"Ni mtoto," alisema.

"Ni mtoto, ndiyo. Lakini mtoto anayegongwa hapaki gari mafuta." Karwirwa alipiga picha mbili kwa simu, akaandika saa kwenye daftari lake, akamfanya Mbaka atie sahihi. "Alishika hapa kabla rangi haijapigwa, na mkono ulikuwa na mafuta. Mtoto anashikaje uso wa gari kwa mkono wenye mafuta, ametulia, vidole vimenyooka hivi? Hakuna aliyemfukuza. Aliambiwa ashike."

Kule kwao Githongo, Meru, mjomba wake Muthamia aliponunua lori la kubeba kahawa, mchungaji alikuja na chupa. Karwirwa alikuwa darasa la sita. Waliimba, lori likapakwa mafuta kwenye uso na magurudumu, na jamaa wote wakaliwekea mikono. Mjomba alikataa lioshwe wiki nzima, vumbi likashika kwenye alama za mikono mpaka lori likaonekana lina ukoma.

"Fundi," alisema, "mzee akija, wewe endelea na kazi yako huko nyuma. Usiseme kitu hata akikusalimia kwa dua."

*

Njuki alifika saa tano kasoro robo, suti ya kijivu, viatu vimepakwa rangi vizuri, na mkononi yai la kuchemsha alilokuwa akilimenya. Maganda aliyaangusha chini moja moja huku akitembea.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe milele," Karwirwa aliitikia. "Mimi ni Sajini Karwirwa wa kituo. Nafuatilia kesi ya Muthoni."

"Ah, binti yangu. Mungu akubariki." Njuki alitia chumvi kwenye yai kutoka kwa kikaratasi. "Yule kijana wa bodaboda asipewe dhamana. Hawa wanavuta bangi, wanabeba roho za watu. Nimekuwa kwa Wamuyu kila jioni tangu Jumatatu. Mama yule amebaki mifupa. Nimemwambia, usihangaike na gari, mtoto atabebwa na gari la Bwana."

"Hili?"

"Hili. Ndiyo maana nataka ling'ae." Aliuma yai, na kipande cha kiini kikabaki kwenye ndevu. "Ni heshima kwa marehemu."

Karwirwa alifungua daftari lake, akaliangalia kwa muda, maana hakutaka kuangalia ule mdomo. "Ni nani alikupakia klia mbaya hivi, mzee? Fundi ananiambia amekutana na kazi."

"Shemeji yangu wa Kiritiri. Bei ya ndugu, na kazi ya ndugu." Akacheka.

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza, shule hazijafunguliwa. Mwalimu wangu mmoja aliligusisha kwa geti."

"Kiritiri kuna ukungu mwezi wa kwanza?"

"Kiritiri? Binti, wewe ni mtu wa Meru, hujui. Huko ni jua na mbuzi tu."

"Na tangu huo mwezi wa kwanza halijapakwa tena?"

"Halijaguswa. Andika hivyo."

Akaandika. Kutoka nyuma ya gari sauti ya msasa ilikatika, kisha ikaendelea.

"Gari la kubeba watoto wadogo hivi," Karwirwa alisema, akilifunga daftari kana kwamba amemaliza, "lazima liliombewa."

Uso wa Njuki ulifunguka. Alipangusa vidole kwa leso nyeupe, akafungua mlango wa dereva, akabandua picha iliyokuwa imefunikwa kwa plastiki juu ya redio. "Mimi siwezi kuweka watoto wa watu kwenye gari halijawekwa wakfu. Ona. Kanisa zima lilitoka nje. Mchungaji alilipaka mafuta mwenyewe."

Karwirwa aliishika picha. Ilikuwa ya mpiga picha wa kanisa, yenye tarehe ya rangi ya machungwa kwenye kona: tisa, mwezi wa tatu. Jumapili. Siku mbili kabla ya ile Jumanne. Mchungaji alikuwa na chupa mkononi, Njuki amefumba macho, akina mama wameinua mikono nyuma. Na uso wa gari uling'aa kama kioo, ukiwa umekusanya kanisa zima ndani yake, mpaka mabati ya paa, mpaka gauni jeupe la mtoto aliyesimama mbele na kuweka mkono juu ya taa ya kushoto. Sura ya mtoto haikuonekana. Kidole gumba cha Njuki, ambaye bado alikuwa ameishika picha upande wa pili, kilikuwa juu yake.

"Huyu mtoto ni wa nini?"

"Mchungaji alitaka mdogo kabisa wa darasa la Jumapili aweke mkono, kwa niaba ya watoto wote."

"Wa nani?"

"Watoto ni wengi, binti yangu. Mtu hawezi kukumbuka."

"Toa kidole, mzee."

Hakutoa. Karwirwa alikiinua mwenyewe. Kilikuwa bado na chumvi na unyevu wa yai, akajipangusa kwa sketi ya sare. Chini ya kidole alikuwa Muthoni. Alimjua kwa lile pengo la jino la mbele kama kwenye picha iliyokuwa ndani ya faili. Nyuma yake, mikono juu, amefunga kitambaa cha buluu, alikuwa Mama Wamuyu, akicheka.

"Njoo huku mbele," Karwirwa alisema.

Mbaka alikuwa ameshakuja na kopo la kompaundi bila kuitwa. Alipaka, akapangusa. Mkono mweupe ukatokea mahali pale pale palipokuwa na mkono wa kwenye picha.

"Mafuta yalipakwa tarehe tisa mwezi wa tatu, umeniambia wewe mwenyewe na picha imesema," Karwirwa alisema. "Tarehe tisa gari linang'aa, halina ukungu, halina kitobo. Rangi na klia ziko juu ya mafuta. Zimepigwa baada ya hapo, na zimepigwa mahali penye ukungu. Sasa Mzee Njuki, mwaka huu Januari ilikuja baada ya Machi?"

Njuki aliutazama ule mkono. Kitu cha kwanza kilichomtoka mdomoni hakikuwa jina la mtoto.

"Nilimwambia apangusie thina kila mahali," alisema, "isipokuwa hapo."

"Nani?"

"Shemeji. Alikuja usiku huo na kompresa ya hewa ya kupakia mageti rangi, asubuhi akafanyia nyumbani kwangu Kibugu. Alisema bodi yote lazima ipanguswe. Nikamwambia, hapo hapana, hapo pamepakwa mafuta ya Bwana, ukipangusa umeondoa ulinzi. Piga juu yake tu. Gari la watoto haliwezi kutembea bila ulinzi."

Mbaka alikuwa anaangalia maganda ya yai chini.

"Ulikuwa umeshamuua," Karwirwa alisema, "ukaogopa kupoteza baraka."

"Hakuwa amekufa. Alikuwa mtaroni, na ukungu ulikuwa mwingi. Nilidhani ni mbuzi."

"Ulisimama?"

"Kidogo."

"Ukashuka?"

Njuki alikunja leso yake nyeupe mara mbili.

"Ulikuwa na nani garini?"

"Peke yangu. Andika hivyo, nilikuwa peke yangu. Nilikuwa natoka kununua chaki."

Karwirwa akaandika neno kwa neno, akamsomea, akamwambia ana haki ya kunyamaza, ambayo ingemfaa zaidi robo saa iliyopita. Kisha akampigia OCS. Alieleza kwa sentensi nne. OCS alikohoa, akauliza kama ni kweli ni yule Njuki, akajibiwa ni huyo huyo, ana yai kwenye ndevu.

"Basi Riungu hatapanda gari leo," OCS alisema mwishowe. "Nitamfungulia mwenyewe. Na nitamwambia nini kuhusu pikipiki?"

"Sijui, afande. Mwambie koti lake liko hospitali, wamelifua."

Walipokuwa wakingoja gari la polisi, Njuki alimsogelea Karwirwa karibu, akashusha sauti kama mtu anayeomba maji. "Binti yangu. Hata kama nitaenda huko. Mwache fundi amalize huo upande. Wazazi wakipita hapa waone gari limesimama hivyo, na huo mkono, watasema nini?"

Karwirwa aligeuka, akaenda nyuma ya kibanda, akatema. Aliporudi alimwambia Mbaka afunike uso wa gari kwa turubai, afunge kwa kamba, na asiruhusu mtu yeyote kufika hapo na maji, msasa wala dua.

*

Chaki hainunuliwi saa tisa na nusu kwa barabara ya Kibugu. Hakuna duka la chaki huko. Kuna majani chai, na akademi, na saa tisa na nusu ndiyo saa ya kupeleka watoto nyumbani. Karwirwa alilifikiria hilo njia yote ya kupanda.

Alifika akademi ya Njuki saa tisa na dakika tano. Watoto kumi na wanne walikuwa wamepanga mstari getini kama kawaida, begi mgongoni, wakingoja gari. Mwalimu aliyekuwa zamu hakuwa ameambiwa kitu. Mama mmoja tu alikuwa amekuja mwenyewe, na kikapu cha kuchumia chai mgongoni, kumchukua mtoto wake aliyekuwa na kikohozi.

"Afande," mtoto wa mbele alimwuliza, "gari yetu imepona?"

"Ilikuwa inaumwa na nini?"

"Iligonga mbuzi."

"Nyinyi mlikuwa ndani?"

"Sisi wote," walijibu pamoja, kama wanaoitikia mwalimu.

"Ni nani alisema ni mbuzi?"

"Mzee. Alisema tusiseme, mwenye mbuzi atakasirika. Akatuombea, halafu akasimama duka la chini akatununulia soda, kila mtu yake."

"Yangu ilikuwa nyekundu," alisema yule wa kikohozi, msichana wa miaka sita anayeitwa Celina. Alikuwa ameshika sketi ya mama yake.

Karwirwa alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Celina, wewe hukaa wapi kwa gari?"

"Kwa dirisha."

"Hiyo mbuzi uliiona?"

"Niliiona. Ilikuwa imevaa sweta ya kijani. Gari ikienda, ilikuwa inatuangalia."

Mama Celina alishusha kikapu chini, majani yakamwagika, hakuyaokota.

"Ile siku," alisema, na hakuwa anamwambia mtu, "alirudi na mdomo mwekundu. Nikamwuliza soda imetoka wapi, akasema kwa Mzee. Sikuuliza ni ya nini. Mimi nilifurahi." Alichukua pembe ya leso yake, akaitia mate, akaanza kumpangusa mtoto midomo, kwa nguvu, tena na tena, ingawa ilikuwa safi na siku tisa zilikuwa zimepita. "Nikamwambia kesho yake, ukipanda gari, usisahau kumwambia Mzee asante."